Mega Zinaliwa na Nini?

Tuseme uko kwenye bwawa la Nzilo, karibu na Kolwezi, na walinzi wamekuruhusu kupiga video (kituo cha umeme si mahali pa kutoa simu ovyo). Unachukua dakika moja ya ukuta wa saruji, uliosimama pale tangu miaka ya 1950, na dakika nyingine ya maji ya Lualaba yanayotoka yakiwa povu tupu. Video hizo zikibanwa kwa ubora uleule, ya maji itakula mega nyingi zaidi.

Sababu ni kodeki, yaani programu inayobana video. Picha ya 1080 ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na kila sekunde hupita picha kama 25, ziitwazo fremu. Rangi ya kila pikseli ikiandikwa kwa biti 24, sekunde moja ingetaka biti zaidi ya bilioni 1.2. Simu gani itavuta mzigo huo? Kodeki kama H.264, iliyotoka 2003, huhifadhi fremu nzima mara mojamoja, na katikati huandika kilichobadilika tu. Ukuta haubadiliki. Povu hubadilika lote, kila mara. Ndiyo maana TP Mazembe wakicheza kwenye mvua, picha hugeuka mirabamiraba.

Basi cha kuangalia zaidi ni kasi ya biti, yaani biti zinazopita kila sekunde, na hapo watu wengi hupigwa. Kasi ya mtandao hutajwa kwa megabiti, forfait (kifurushi cha intaneti) huuzwa kwa megabaiti, na sisi zote tunaziita mega. Baiti moja ni biti 8. Mechi ya dakika 90 kwa megabiti 5 kwa sekunde humaliza megabaiti 3,375. Kwa megabiti 0.7, zinazotosha picha ya 360 kwenye kioo cha simu, ni kama 470.

Video ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande katika viwango kadhaa. Ukiacha “Auto”, simu huchukua kiwango cha juu inachokimudu, mtandao ukilegea inashuka. Vipande kadhaa hujazwa kwanza kwenye bafa, yaani akiba ya muda ndani ya simu, ndipo picha ianze. Kwa hiyo mechi ikirushwa moja kwa moja, jirani mwenye dishi atapiga kelele za goli wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Uchelewaji huo, mara nyingi wa sekunde 20 au 30, hata ununue forfait kubwa kuliko zote, utabaki nao.