Visikizi Vipya kwa Fedha Kidogo

Askari arudiye kutoka lindoni usiku wa manane hupenda kusikiliza taarifa ya habari pasipo kuwaamsha watoto. Visikizi vyake vya masikioni vinapokufa upande mmoja, mara nyingi kilichoharibika si spika, bali ni waya uliokatika ndani kwa ndani. Kwa hiyo, ndugu msomaji, dukani tazama kwanza kama waya waweza kuchomolewa. Moondrop Chu II, iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 19 hivi, ina waya wa namna hiyo. Ukikatika, utanunua waya peke yake.

La pili, ambalo wengi hulipuuza, ni vile vifuniko vya mpira. Vijaribu vyote vilivyomo ndani ya boksi. Na vya zamani vilivyokukaa vizuri usivitupe, huenda vikaingia katika visikizi vipya. Kifuniko kisipoziba tundu la sikio, sauti nzito hupotea, nawe hushawishika kuongeza sauti. Sikio la askari limekwisha kupigwa na mlio wa bunduki; la nini kuliongezea? Shirika la Afya Duniani lashauri desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa juma. Zikifika 90, ni saa 4 tu.

Mwenye simu yenye redio ya FM asikimbilie visivyo na waya, maana katika simu nyingi waya ndio antena. Visikizi vinavyoziba vyema huzuia pia sauti za nje. Lindoni na barabarani vikae mfukoni.