Unguja, Pemba, Mafia: Uliza Maji Kwanza

Anayetaka kuzunguka visiwa vyetu aulize maji kwanza, bei za hoteli baadaye. Siku za bamvua, maji yakitoka Paje na Jambiani, bahari husogea mbali na wanawake hushuka kufunga mwani kwenye kamba. Aliyekuja kuogelea atasubiri. Unguja naiachia hapo, imeshasemwa sana.

Pemba ndiko miguu hupata kazi. Msitu wa Ngezi una njia nzuri za kutembea, na popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani. Ukipanda boti kwenda Misali, beba maji ya kunywa: hakuna mji, ni wavuvi tu na dago zao.

Kwenda Mafia, boti hutokea Nyamisati. Kati ya Oktoba na Machi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote, husogea karibu na Kilindoni kutafuta chakula. Hana habari na mtu. Kaa ubavuni mwake, mbali na mkia, wala usimguse. Mimi ni mtoto wa pwani, lakini yale madoadoa meupe yalipopita chini yangu nilisahau kuvuta pumzi kwenye mrija.

Masika yakikaribia, ahirisha. Bahari ikichafuka, boti ndogo hazina ratiba.