Fahamu: Saini ya mlezi si ridhaa ya mtoto

Mtafiti anayekwenda Makebuko, mkoani Gitega, au Muyinga, nchini Burundi, kuwahoji watoto yatima hupata kwanza saini ya mlezi, au alama ya dole gumba. Haitoshi. Mlezi maskini anaweza kuhofia kwamba akikataa atakosa msaada, na mtoto atamkataliaje mgeni aliyeletwa na mkuu wa kilima, yaani kiongozi wa eneo lao? Wapo wanaosema basi watoto wasihojiwe kabisa. Siafiki. Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, ulioridhiwa na Burundi mwaka 1990, kinawapa haki ya kusikilizwa. Mtoto aulizwe mwenyewe, kwa Kirundi, mahali anapoonekana lakini hasikiki, na kukataa kwake kusipunguze msaada wowote. Kifo cha mzazi kiulizwe pale tu penye mtu wa kubaki naye mtafiti akishaondoka.