Nyota Mlangoni mwa Jokofu: Sheria ya Vifaa vya Umeme na Hesabu ya Stima Pwani ya Kilifi

Kwa kaya ya kawaida ya Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa, jokofu na pangaboi si alama za ukwasi bali ni vyombo vya kuishi, kwa kuwa joto la msimu wa kaskazi, linaloanza karibu na Desemba na kuendelea hadi Machi, huharibu samaki, maziwa na mchuzi wa jana kabla ya adhuhuri na huwanyima watu usingizi usiku. Kwa sababu hiyo, sheria inayoamua ni jokofu lipi liruhusiwe kuingia madukani na lipi lizuiwe bandarini huugusa mwambao huu kuliko inavyoigusa miji ya bara yenye baridi, ingawa hutajwa kwa nadra panapozungumziwa ughali wa stima.

Kenya iliweka sheria hiyo mwaka 2016, kwa njia ya kanuni kuhusu utendaji wa vifaa vya umeme na uwekaji wa lebo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2006. Sheria hiyo mama ilifutwa baadaye na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Nishati ya 2019, ambayo iliigeuza pia Tume ya Kudhibiti Nishati kuwa Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA, ambayo ndiyo msimamizi wa kanuni hizo, ikitegemea viwango vya kiufundi vya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Vifaa vilivyotajwa ni majokofu ya nyumbani, viyoyozi visivyotumia mabomba ya kusambaza hewa, taa za fluoresenti pamoja na balasti zake, na mota za viwandani zinazotumia umeme wa fezi tatu.

Kanuni hizo zimesimama juu ya nguzo mbili ambazo ni muhimu kutozichanganya. Nguzo ya kwanza ni kiwango cha chini cha ufanisi wa nishati, yaani mstari ambao kifaa kikishindwa kuufikia hakiruhusiwi kuuzwa hata kama mnunuzi anakitaka na bei yake ni ya kuvutia. Ya pili ni lebo, yaani kibandiko chenye nyota moja hadi tano kinachomwonyesha mnunuzi, kati ya vile vilivyovuka mstari, ni kipi kinachotumia umeme kwa uangalifu zaidi. Ili kuipata lebo hiyo, mwagizaji au mtengenezaji hutakiwa kuwasilisha ripoti ya vipimo kutoka maabara inayotambulika na kuisajili modeli husika kabla ya kuiuza. Kiwango cha chini, kwa hivyo, hufanya kazi bila kumtegemea mnunuzi, ilhali lebo haina kazi yoyote mpaka mnunuzi aisome na kuielewa.

Hata kuisoma kwenyewe kunahitaji uangalifu, kwa sababu nyota hulinganisha vifaa vya aina moja kwa kuzingatia ukubwa wake, na jokofu kubwa la nyota nne laweza kula umeme mwingi kuliko jokofu dogo la nyota mbili. Kinachohusu mfuko wa mnunuzi moja kwa moja ni ile tarakimu iliyoandikwa pamoja na nyota, inayotaja kiasi cha umeme ambacho kifaa kinakadiriwa kutumia kwa mwaka. Kiasi hicho hupimwa kwa kilowati-saa, ambazo wateja wa tokeni wamezizoea kwa jina la yuniti: yuniti moja ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa tarakimu hiyo. Tuseme kaya moja ya Malindi hutumia yuniti 12 kwa mwezi kwa taa, televisheni ndogo na kuchaji simu, kisha ikanunua jokofu. Ikichagua lenye kutumia yuniti 200 kwa mwaka, matumizi yake yataongezeka kwa takriban yuniti 17 kwa mwezi na kufikia 29. Ikichagua la yuniti 400, yataongezeka kwa takriban 33 na kufikia 45. Tofauti hiyo ya yuniti 16 yaonekana ndogo, lakini bei za umeme zilizoanza kutumika Aprili 2023 ziliwagawa wateja wa nyumbani katika madaraja matatu, la kwanza likiwa la wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, la pili la wanaozidi hapo hadi 100, na la tatu la wanaopita 100. Kwa bei ya msingi ya wakati huo, iliyokuwa Sh12.22 kwa yuniti katika daraja la kwanza na Sh16.30 katika la pili, kaya yenye jokofu la kwanza ingelipa takriban Sh354 kwa mwezi na yenye jokofu la pili Sh733, kabla ya kodi na tozo ya mafuta kuongezwa. Matumizi yamepanda kwa zaidi kidogo ya nusu, ilhali malipo yamezidi maradufu, kwa sababu jokofu limeivusha kaya nzima mpaka wa daraja, na kila yuniti, hata ile ya taa ya barazani, sasa inauzwa kwa bei ya juu. Kwa mwaka mmoja tofauti hiyo hupita Sh4,500, na jokofu hudumu kwa miaka kumi na zaidi.

Yaweza kuulizwa ni kwa nini serikali iingilie jambo ambalo mnunuzi mwenye akili timamu angelihesabu mwenyewe. Historia ya nchi zilizotangulia inajibu kwamba mnunuzi huiona bei ya dukani tu, na mtengenezaji asiposhurutishwa hushindania bei hiyo peke yake. Nchini Marekani, jokofu jipya la wastani lilikuwa likitumia takriban yuniti 1,800 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1970, hadi jimbo la California lilipoanza kuweka viwango vya lazima na serikali kuu ikafuata kwa sheria ya 1987. Kufikia kiwango cha 2001, jokofu la huko lilikuwa likitumia takriban yuniti 500, ingawa lilikuwa limeongezeka ukubwa. Karibu zaidi na nyumbani, Ghana iliweka viwango vya viyoyozi na taa mwaka 2005, kisha ikatunga sheria ya kuzuia majokofu yaliyotumika, ambayo utekelezaji wake kamili ulianza mwaka 2013.

Mwambao wa Kilifi una sababu zake za pekee za kuitazama sheria hii kwa makini, na ya kwanza ni hali ya hewa. Jokofu halitengenezi baridi bali huhamisha joto kutoka ndani ya kabati na kulitupa nje kupitia koili zilizo nyuma yake, na kadiri jiko lilivyo na joto ndivyo kompresa, yaani pampu inayozungusha gesi ya kupoza, inavyolazimika kufanya kazi kwa muda mrefu. Watengenezaji huyagawa majokofu kwa herufi kulingana na joto la mazingira linaloweza kuhimiliwa: N ni la mahali pasipozidi nyuzijoto 32, ST ni hadi 38, na T, yaani la tropiki, ni hadi 43. Herufi hiyo huchapishwa kwenye kibati kilichobandikwa nyuma au ndani ya jokofu, na anayenunua jokofu la daraja N kwa jiko la mabati la Malindi amenunua mashine itakayokimbia mchana kutwa bila kupumzika. Huongezeka juu ya hayo hewa ya chumvi, ambayo hula mapezi ya alumini ya viyoyozi vinavyoelekea bahari, na unyevu unaoulegeza mpira wa mlango wa jokofu mpaka karatasi iliyobanwa mlangoni ivutike bila upinzani, dalili ambayo mafundi huitumia kujua kwamba baridi inavuja.

Sababu ya pili ni namna makazi ya pwani yanavyomilikiwa. Malindi na Watamu zimejaa nyumba za kupangisha wageni, na katika nyumba hizo kiyoyozi hununuliwa na mwenye nyumba ilhali tokeni hununuliwa na mpangaji. Ufanisi wa kiyoyozi hupimwa kwa uwiano wa wati za upoezaji kinazotoa kwa kila wati ya umeme kinayotumia. Kiyoyozi kidogo cha chumba cha kulala, kinachotoa takriban wati 2,600 za upoezaji, kitahitaji wati 1,000 kikiwa na uwiano wa 2.6, na takriban 750 kikiwa na uwiano wa 3.5, kwa hivyo kikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa nane kila usiku, tofauti hufikia takriban yuniti 60 kwa mwezi. Mwenye nyumba anayelipa bei ya dukani hana sababu ya kuzijali yuniti hizo, na mpangaji anayezijali hakuwepo dukani. Katika hali kama hiyo lebo, hata ikisomwa vizuri, haimsaidii anayeumia, na kinachobaki kumlinda ni kile kiwango cha chini ambacho sheria imekiweka kwa wote.

Hoteli kubwa zina sheria nyingine juu yao, kwani kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinawataka wenye majengo yanayotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka kufanya ukaguzi wa matumizi kila baada ya miaka mitatu na kutekeleza sehemu ya mapendekezo yake. Nyumba ndogo ya wageni, banda la samaki lenye friza mbili, na kaya ya mama anayegandisha barafu za ukwaju na ubuyu kuwauzia watoto wa shule hazifikii kiwango hicho, na ulinzi wao wote umo katika kanuni za vifaa.

Kanuni hizo zina mapengo mawili yanayoonekana waziwazi kutoka pwani. Pengo la kwanza ni pangaboi, ambalo halimo katika orodha ya 2016 ingawa ndilo kifaa cha kupunguza joto kilicho katika nyumba nyingi kuliko kiyoyozi. Pangaboi la kawaida hutumia wati 50 hadi 75, na la mota ya kisasa hutoa upepo uleule kwa takriban wati 30. India, nchi yenye joto kama la hapa, imezifanya nyota za mapangaboi kuwa za lazima tangu Januari 2023. Pengo la pili ni vifaa vilivyotumika, ambavyo wafanyabiashara huviuza kwa jina la “ex-UK” na ambavyo sifa yake kubwa ni bei. Jokofu lililotumika miaka kumi ughaibuni limechakaa kompresa na mpira wa mlango, na lebo yake ya zamani, hata ikiwa bado imebandikwa, haisemi tena kweli. Uganda iliamua mwaka 2009 kupiga marufuku uagizaji wa majokofu yaliyotumika.

Suala hilo lina upande wa kimataifa pia. Utafiti wa shirika la CLASP uliotolewa mwaka 2020, ukiyahusisha mataifa kumi ya Afrika ikiwemo Kenya, ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya viyoyozi vilivyouzwa katika mataifa hayo vilikuwa vya ufanisi mdogo, na vingi visingeruhusiwa kuuzwa katika nchi za makampuni yaliyovitengeneza. Baadhi ya viyoyozi vya namna hiyo hutumia gesi ya R-22, ambayo mataifa yanayoendelea yamekubaliana kuiondoa kufikia mwaka 2030 kwa sababu huharibu tabaka la ozoni, kwa hivyo anayenunua kiyoyozi cha namna hiyo leo kwa bei ya chini hununua pia taabu ya kuitafuta gesi hiyo siku za usoni.

Hatimaye kuna suala la umeme wenyewe unakotoka. Kaunti ya Kilifi ina mtambo wa jua wa Langobaya, karibu na Malindi, wenye uwezo wa megawati 52 za paneli na uliozinduliwa mwishoni mwa 2021, na ina pia mtambo wa Rabai wa megawati 90 unaochoma mafuta mazito. Jua likizama, mtambo wa Langobaya hunyamaza, na ni saa hizohizo za jioni, kuanzia yapata saa moja usiku, ambapo taa, televisheni na viyoyozi huwashwa kwa pamoja nchini kote na mitambo ya mafuta ikahitajika zaidi, kisha gharama ya mafuta hayo ikarudi kwa mteja kama tozo katika kila tokeni. Kila wati inayookolewa jioni hupunguza mzigo huo kwa jirani asiyekuwa hata na jokofu.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti sehemu ya jukumu la kudhibiti nishati pamoja na utoaji wa leseni za biashara, na Sheria ya Nishati ya 2019 imezitaka ziandae mipango yake ya nishati. Serikali ya Kaunti ya Kilifi yaweza, bila kusubiri Nairobi, kufanya uwepo wa lebo sokoni kuwa jambo la kukaguliwa wakati leseni ya duka inapofanywa upya, nayo EPRA haina budi kuliingiza pangaboi katika orodha na kukipandisha kiwango cha chini kadiri teknolojia inavyoshuka bei, kwani nyota peke yake haimfikii mpangaji wala mnunuzi wa mtumba. Hadi hayo yafanyike, mnunuzi anayeingia duka la vifaa vya umeme mjini Malindi au Kilifi na asome mambo mawili kabla ya kuuliza bei: tarakimu ya yuniti kwa mwaka iliyo kwenye lebo, na herufi T kwenye kibati cha nyuma. Muuzaji akishindwa kumwonyesha, na atafute duka jingine.