Neno Mtandao na Jamaa Zake

Tangu miaka ya 1990 Kiswahili kimepokea maneno mengi yahusuyo kompyuta na mawasiliano yake, na katika hayo hapana lililoenea kuliko mtandao. Neno lenyewe lina jamaa wa zamani. Asili yake ni kitenzi tanda, kitumikacho kwa wingu litandalo angani, na ambacho kimezaa pia mtande, yaani nyuzi za urefu ambazo mfumi huzitandaza kwanza kabla ya kupitisha zile za mshindio. Picha hiyo ya nyuzi zilizopitana yafaa sana kueleza kompyuta nyingi zilizounganishwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba neno lilishika, ilhali mengine yaliyobuniwa, kama mdahalishi na ngamizi, yamebaki zaidi katika kamusi. Ngamizi hasa lilikuwa na mkosi wake: sikio la Mswahili husikia humo angamiza, na ni nani atakaye kununua chombo cha kumwangamiza?

Lakini neno lipendwalo hubebeshwa mizigo. Mtu asemaye “hakuna mtandao” ana maana kwamba simu yake haipati mawimbi. Aulizaye “unatumia mtandao gani?” ataka kujua kampuni ya simu. Gazeti likiandika kwamba jambo fulani limeenea mitandaoni, lakusudia yale majukwaa ambayo watu huandikiana na kupelekeana picha. Polisi wakisema wameuvunja mtandao wa wezi, pengine hapana kompyuta hata moja katika habari hiyo. Juu ya hayo yote, neno hilohilo hutumika kwa intaneti na tena kwa wavuti, na hapo ndipo linapoanza kumshinda mwalimu.

Intaneti ni muungano wa mitandao mingi, mikubwa na midogo, iliyokubali kufuata kanuni moja ya kupelekeana habari. Kanuni hiyo, iitwayo TCP/IP, ndiyo iliyoshikwa na mtandao wa ARPANET wa Marekani tarehe 1 Januari 1983. Kwa kanuni hiyo habari hukatwa vipande vidogo. Kila kipande huandikwa anwani ya kiendako, huweza kushika njia yake peke yake, na vyote huungwa tena mwisho wa safari. (Kipande cha namna hiyo kingefaa kuitwa kifurushi, lakini wauzaji wa muda wa maongezi wamekwisha kulitwaa neno hilo kwa biashara yao, basi wataalamu husema pakiti.) Wavuti ni kitu kingine, tena kichanga zaidi. Ilipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika taasisi ya CERN karibu na Geneva, nayo ni wingi wa nyaraka zilizofungamanishwa kwa viungo na kusomwa kwa kivinjari. Intaneti ni njia. Wavuti ni mmoja wa mizigo ipitayo humo. Barua pepe ni mzigo mwingine, nayo ilikuwa imekwisha kupelekwa kati ya kompyuta za ARPANET mwaka 1971, yaani kabla wavuti haijafikiriwa. Sasa mwalimu ajaribu kuyaeleza hayo kwa neno moja tu: atajikuta akisema kwamba mtandao hupita juu ya mtandao, na wanafunzi watamtazama.

Jambo hili halikomei darasani. Mwaka 2015 Tanzania ilipitisha sheria ijulikanayo kwa Kiswahili kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Baadhi ya makosa yaliyotajwa humo, kama kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, hayalazimu kuwapo intaneti wala simu. Kompyuta iliyofungiwa chumbani peke yake yaweza kuingiwa. Mwananchi asomaye jina la sheria, akilichukua neno mtandao kwa maana aliyoizoea sokoni, atadhani kosa kama hilo halimhusu. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini humo, upungufu wa neno hauwezi tena kufichwa nyuma ya matini ya Kiingereza.

Si maneno yote yaliyopata taabu hiyo. Pakia na pakua yamekaa vizuri ajabu. Kiingereza hutazama juu na chini. Kiswahili kimetazama jahazi na chungu. Jahazi hupakiwa, kisha hupakuliwa, na chakula hupakuliwa chunguni kikatiwa sahanini. Aitoaye picha katika kompyuta ya mbali na kuiweka katika simu yake ameipakua, maana chungu kiko huko mbali na sahani ni yake. Upinzani wa -i- na -u- katika jozi hii wafahamika na mtoto asiyejua sarufi. Barua pepe nalo limefaulu, ijapokuwa mkulima ajua kwamba pepe ni punje tupu isiyo na kiini. Upepo umeishinda punje.

Lililo gumu kuliko yote ni kupata jina la ile sifa ambayo hutenga vyombo hivi vipya na redio au gazeti, yaani kwamba kitendo cha mpokeaji hugeuza kile kitakachomfikia baadaye. Wengine husema shirikishi. Lakini redio isomayo barua za wasikilizaji nayo ni shirikishi. Tangamano ladokeza ujamaa mwema wa watu, wala si kila azungumzaye na kompyuta ameona wema huo. Mwingiliano ndilo litumiwalo mno vitabuni, lakini ingilia ni kutia mkono katika shughuli ya mwingine, na kuingiliana kuna maana ya chumbani ambayo mwalimu wa kidato hawezi kuitamka pasipo darasa kucheka.

Kujibizana kungestahili kufikiriwa. Washairi wamejibizana tangu zamani, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilipeleka majibu yao toka toleo hadi toleo. Kila shairi lilizaliwa na lile lililotangulia, na hiyo ndiyo sifa inayotafutwa. Kweli, kujibizana ni kubishana pia. Lakini kikwazo kikubwa kimo katika sarufi. Kiambishi -an- hutaka watendaji wawili walio sawa. “Mtu na mashine wanajibizana” huipa mashine ngeli ya watu. “Mtu na mashine vinajibizana” humshusha mtu hadi kwenye vitu. Msemaji mwangalifu hukwepa kwa kusema “mtu anajibizana na mashine,” akimwacha mtu awe mtendaji na kuiweka mashine nyuma ya na. Hata kwa programu za akili unde, zitoazo majibu kwa sentensi kamili za Kiswahili, Kiswahili sanifu husema “imenijibu,” wala si “amenijibu.”