Kizunguzungu cha kugeuza kichwa: Kipimo kisichohitaji mashine

Katika soko la Konyo Konyo mjini Juba, ambako Kiswahili cha wafanyabiashara kutoka Uganda na Kenya husikika kando ya Kiarabu cha Juba, kazi ni ya kuinama na kuinuka tangu asubuhi. Mtu anayeona dunia ikimzunguka kila anapofanya hivyo, au anapojigeuza kitandani usiku, aghalabu hushuku malaria au presha. Homa ikiwapo, kupima malaria ni lazima. Isipokuwapo, huenda chanzo kimo sikioni.

Ndani kabisa ya sikio mna chembe ndogo za chokaa zinazousaidia mwili kuhisi mwendo. Zikibanduka na kuingia katika mmoja wa mifereji mitatu ya usawa, ubongo hupata taarifa ya uongo kwamba kichwa kinazunguka. Kipimo cha damu hakiwezi kulionyesha jambo hilo.

Njia ya kulitambua ilielezwa mwaka 1952 na madaktari Margaret Dix na Charles Hallpike wa London. Mgonjwa huketi kitandani, miguu ameinyoosha. Baada ya kumuuliza kama ana maradhi ya shingo, daktari humgeuza kichwa nyuzi 45 upande mmoja, kisha humlaza chali kwa haraka, kichwa kikining'inia kidogo nje ya ukingo wa kitanda. Mgonjwa hatakiwi kufumba macho, ingawa hilo ndilo atakalotamani, kwa kuwa jibu limo machoni mwake. Ikiwa sikio lililo chini ndilo lenye hitilafu, baada ya sekunde chache macho huanza kuchezacheza kwa mzunguko, kisha hutulia kabla ya dakika moja kwisha. Upande wa pili hupimwa vivyo hivyo.

Tiba nayo ni ya mikono. Daktari John Epley wa Marekani alichapisha mwaka 1992 mfululizo wa kugeuza kichwa hatua kwa hatua unaozirudisha chembe mahali pake, na wagonjwa wengi hupata nafuu upesi. Vidonge hupunguza kichefuchefu tu.

Hata hivyo, kizunguzungu kisichokoma hata mtu akitulia, ulimi mzito, kuona vitu viwili, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kusimama huweza kuwa kiharusi. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja.