Zimwi la vinywa viwili ndani ya simu

HADITHI za irimu, zimwi la Wagikuyu, zimewatisha watoto wa Nyeri tangu jadi. Zimwi hilo hujigeuza barobaro mtanashati, likajipaka mafuta na kwenda ngomani kutafuta mchumba. Wasichana huligombania. Kumbe kisogoni, chini ya nywele, lina kinywa cha pili, na nzi akipita karibu humezwa mzima mzima!

Siku hizi kijana anayengoja matatu pale Chaka, baridi ya Mlima Kenya ikimkata mashavu, huenda anazungumza na kiumbe wa namna hiyo simuni mwake. Asubuhi kiumbe huyo ni mwalimu wa hesabu. Jioni ni wakili. Usiku wa manane, wazazi wakiwa wamelala, ni rafiki wa kuliwaza moyo uliovunjika.

Je, nyuma ya vinyago vyote hivyo kuna mtu?

Swali hili si geni. Mnamo 1966, Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Kinyago chake mashuhuri kilikuwa cha tabibu wa akili. Mtu akiandika kwamba ana huzuni, ELIZA ilimrudishia maneno yake mwenyewe kwa mfano wa swali. Haikujua huzuni ni nini. Hata hivyo, katibu wa Weizenbaum, aliyemwona mkubwa wake akiiunda kwa miezi mingi, alizungumza nayo kidogo tu kisha akamwomba atoke chumbani ili wabaki wawili. Mwanasayansi huyo alishtuka, na mwaka 1976 akatoa kitabu cha kuonya.

Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Blake Lemoine, mhandisi wa Google, aliyedai kwamba programu iitwayo LaMDA ilikuwa na hisia. Kampuni ilikanusha, ikamfuta kazi.

ChatGPT, iliyotolewa Novemba mwaka huo huo, ni stadi kuliko ELIZA mara nyingi. Imelishwa maandishi ya binadamu kwa wingi usiosemeka, nayo hutunga jibu kwa kukisia kipi kinafaa kufuata, hatua kwa hatua. Kisha watu huajiriwa kuyapima majibu, hili zuri, lile baya, mpaka mashine ikazoea kusema kwa upole. Iambie iwe shangazi, itakuwa shangazi. Utu unaousikia humo haukuota wenyewe. Ni wetu, umeazimwa.

Na sehemu yake imetoka hapa hapa Kenya. Januari 2023, jarida la TIME lilifichua kwamba vijana jijini Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI, walisoma na kutia alama maandishi ya unajisi, mateso na mauaji ili mashine ifunzwe kuyatambua na kuyazuia. Walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Baadhi yao walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Sama iliivunja mapema, Februari 2022. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kinyago kikubwa kuliko vyote: dunia inaiuliza mashine kama ni binadamu, ilhali binadamu walioitia adabu hawaonekani.

Si kila akili unde huvaa sura ya mtu. Karibu na Chaka, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, watafiti wameifunza kompyuta kutambua ndege kwa sauti zao. Hakuna mwanafunzi atakayeililia kompyuta hiyo usiku.

Wazazi hutaka kujua kama mashine inampenda mtoto wao. Heri wachunguze kisogo. Anayoyasema kijana usiku huhifadhiwa na kampuni, na mazungumzo ya mtumiaji wa kawaida wa ChatGPT huweza kutumiwa kuifunza zaidi, isipokuwa yeye mwenyewe akatae. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Lakini mzazi amelala, na kitufe cha kukataa kimo ndani ya mipangilio ya ChatGPT, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupafungua.